Vipimo vya tumbo kwenye zahanati yako: nani anavipanga, na fedha zinatoka wapi

Kiungulia, gesi, kuharisha, maumivu ya chembe ya moyo, choo chenye damu. Malalamiko ya tumbo ni miongoni mwa mambo yanayojaza mabenchi ya zahanati kila asubuhi. Na katika zahanati nyingi za vijijini mgonjwa wa tumbo hutoka na dawa bila kupimwa. Anaulizwa maswali mawili matatu, anabonyezwa tumbo, kisha anaandikiwa omeprazoli kama maumivu yako juu, metronidazoli kama anaharisha, na albendazoli ya minyoo juu yake. Akipona, vizuri. Asipopona, anarudi baada ya mwezi na kuandikiwa zile zile.

Mganga anayefanya hivyo si mzembe. Hana kipimo, na mgonjwa yuko mbele yake analalamika. Swali la kuuliza ni kwa nini hana kipimo, wakati baadhi ya vipimo vya tumbo ni vya gharama ndogo kuliko dawa zinazotolewa kwa kubahatisha. Jibu lake limo kwenye karatasi za bajeti, na karatasi hizo huandikwa katika miezi inayojulikana, na watu wanaojulikana, wengine wao wakiwa wanakijiji wenzako. Maelezo yanayofuata ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Kipimo kimoja hakitoshi

Watu husema "kupima tumbo" kana kwamba ni kitu kimoja. Tumbo lina magonjwa mengi, na kila moja lina njia yake ya kulitafuta.

Kipimo cha msingi kabisa ni kuangalia choo kwa hadubini. Mtaalamu huchukua choo kidogo, hukichanganya na maji ya chumvi au iodini juu ya kioo, na kutafuta mayai ya minyoo, amiba na giadia. Kinachohitajika ni hadubini, vioo, vikopo, dawa hizo mbili na mtu aliyesomea kazi hiyo. Sharti moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: kwa kuharisha kwenye damu, choo kiwe kipya, ikiwezekana ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba ikipoa haitembei tena na ni vigumu kuitambua. Choo kilichobebwa tangu alfajiri kwenye chupa ya soda hakisaidii sana.

Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria kuna kipimo kingine chenye uzito wa pekee, cha kichocho cha tumbo. Huyu ni mdudu anayeingia mwilini kupitia ngozi mtu akiwa majini, anavua, anafua au anaoga, na konokono wa majini ndiye anayemlea kabla hajamfikia mtu. Njia inayotumika sana kumtafuta inaitwa Kato-Katz. Choo huchujwa, hujazwa kwenye kitundu kidogo kinachobeba miligramu 41.7, hufunikwa kwa karatasi laini ya plastiki iliyolowekwa gliserini, kisha mayai huhesabiwa chini ya hadubini. Si teknolojia ya hospitali kubwa. Hufanyika hata chini ya mwembe kwenye kampeni za shuleni. Tiba yake, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito au urefu wa mtu, na kwa kawaida humezwa siku moja tu.

Hapa ndipo kubahatisha kunapogharimu uhai. Kichocho cha tumbo kisipotibiwa kwa miaka huharibu mishipa inayopeleka damu kwenye ini. Damu hutafuta njia nyingine, mishipa ya koo la chakula huvimba, na siku moja inapasuka. Mtu aliyekuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miaka anaanza kutapika damu bakuli zima. Madaktari wa hospitali za Kanda ya Ziwa wanaijua hali hiyo vizuri. Kipimo kilichohitajika miaka kumi nyuma kilikuwa kioo na hadubini.

Kisha kuna vidonda vya tumbo vyenyewe. Zamani iliaminika kwamba vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba bakteria aitwaye H. pylori anaishi ndani ya tumbo na ndiye chanzo cha vidonda vingi. Wenzao walisita kuamini, hadi Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe na kuugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, hasa zikimezwa kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti. Hilo halihitaji kipimo, linahitaji kuulizwa.

H. pylori hupimwa kwa njia kadhaa, na hapa fedha nyingi hupotea. Kipimo cha damu, cha matone machache kwenye kidude kama cha malaria, huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo. Hakisemi kama bado yupo. Mtu aliyetibiwa akapona anaweza kuonekana "ana H. pylori" miezi mingi baadaye, na kuanzishiwa dawa upya. Kipimo cha choo, kinachotafuta chembechembe za bakteria mwenyewe, hujibu swali linaloulizwa: yupo sasa au hayupo. Ili kisidanganye, mgonjwa aache omeprazoli wiki mbili kabla, na awe na wiki nne tangu amalize antibayotiki yoyote. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwambie mganga anachotumia, wapange pamoja. Kama kamati yako ya zahanati inachagua kati ya hivyo viwili, ichague cha choo.

Kipimo cha taifodi kinachokula bajeti

Tuseme wazi kuhusu Widal. Hiki ndicho kipimo ambacho kikitoka "chanya" mtu huambiwa ana taifodi, yaani homa ya matumbo, na kuandikiwa antibayotiki za siku kadhaa. Kinapendwa kwa sababu ni rahisi, kinatoa jibu haraka, na mgonjwa anaridhika kwamba amepimwa. Lakini kinapima kinga ya mwili tu, na kinga hiyo inaweza kuwa imebaki kutoka ugonjwa wa zamani, au imeletwa na vimelea wengine wanaofanana na wa taifodi. Jibu la mara moja halithibitishi kwamba unaumwa taifodi leo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu, na hicho kinahitaji maabara kubwa.

Kituo kinachonunua Widal kila robo mwaka huku hakina vioo vya kupimia choo kimeweka fedha mahali pasipofaa, na kinaendelea kuzalisha wagonjwa wa taifodi ambao pengine wana kitu kingine. Ukikaa kwenye kamati ya afya, uliza zahanati au kituo chenu kinatumia kiasi gani kwenye Widal. Swali hilo peke yake linaweza kufungua bajeti ya vipimo vingine viwili.

Nani analipa nini

Mshahara wa mtumishi wa maabara hulipwa na serikali kuu. Kijiji hakiwezi kujiajiria mtaalamu kwa urahisi, na ndiyo maana upungufu wa watu hudumu kuliko upungufu wa vifaa. Kwa vitendanishi na vifaa vidogo, njia ni kadhaa.

Ipo ruzuku ya serikali inayowekwa kwenye akaunti ya kituo pale Bohari ya Dawa, MSD. Upo Mfuko wa Pamoja wa Afya, ulioanza mwaka 1999, ambao wafadhili wa nje huchangia kwa pamoja. Mpaka mwaka 2017 fedha za mfuko huo zilikaa halmashauri, na zahanati ilisubiri kile itakachopewa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, zahanati ikiwemo. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko watu wengi vijijini walivyoelezwa. Maana yake zahanati yako ina akaunti, ina mpango wake, na inatoa hesabu zake. Tatizo linalobaki ni kwamba fedha huja kwa robo mwaka, na wakati mwingine huchelewa.

Yapo pia malipo ya papo kwa papo, na marejesho ya bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulianza mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa hiyo kiwango na utaratibu wa leo uliza kwa mtendaji wa kijiji au kwenye kituo chenyewe kabla ya kulipa. Kumbuka kwamba kwa sera ya afya, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanasamehewa malipo katika vituo vya umma, na kipimo ni sehemu ya huduma.

Kwa kitu kikubwa cha mara moja, kama hadubini au paneli ya sola, angalia mapato ya ndani ya halmashauri na Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mfuko wa Jimbo unapokea maombi ya miradi iliyoibuliwa na wananchi. Mara nyingi watu huomba madawati na mabati. Hadubini ya zahanati nayo ni mradi.

Miezi ya kuzungumza

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Ukilalamika mwezi Agosti kwamba zahanati haina vioo vya kupimia choo, utaambiwa bajeti imeshapita, na ni kweli.

Mambo huanza mapema, karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda. Vijiji huibua vipaumbele vyao kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Zahanati nayo huandika mpango wake wa mwaka. Mpango huo huandaliwa na mganga mfawidhi pamoja na Kamati ya Usimamizi ya Kituo, ambayo wajumbe wake wengi ni wananchi wa kawaida waliochaguliwa kutoka eneo linalohudumiwa. Unapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, unafika halmashauri, na kuunganishwa na ya vituo vingine kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Madiwani huujadili kwenye miezi ya kwanza ya mwaka mpya, kisha unapanda TAMISEMI na Bungeni, ambako bajeti hujadiliwa kuanzia Aprili hadi Juni.

Kwa hiyo mlango wa mwananchi uko wazi zaidi kati ya Oktoba na Januari. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule wa mwisho wa mwaka ndio wa kuuliza mambo matatu: mwaka huu zahanati yetu ilipima wagonjwa wangapi wa tumbo, ni vitendanishi gani viliisha na kwa muda gani, na mpango wa mwaka ujao umeomba nini.

Ombi lenye hesabu

Ombi la "tunaomba maabara" huishia kwenye faili. Ombi lenye idadi hujadiliwa. Idadi iko kwenye zahanati yenyewe, katika kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje, na mfawidhi anaweza kuitoa jumla bila kutaja jina la mgonjwa yeyote.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Zahanati inahudumia vijiji viwili, na kitabu kinaonyesha wagonjwa 600 wa tumbo kwa mwaka. Wengi hawahitaji kipimo: mtoto aliyeharisha maji siku moja anahitaji maji ya chumvi na sukari, na zinki. Mfawidhi anakadiria wagonjwa 240 wangepimwa choo, sawa na 20 kwa mwezi. Kila mmoja anahitaji kikopo kimoja na vioo viwili, kwa hiyo vikopo 240 na vioo 480, au pakiti kumi za vioo 50. Ongeza chupa za iodini, maji ya chumvi, glavu, na ndoo ya kuhifadhia taka kabla hazijachomwa. Orodha hiyo ni fupi, na bei yake haimtishi diwani yeyote.

Kinachotisha ni mtu na hadubini. Kama kata ina kituo cha afya chenye mtaalamu wa maabara, si lazima kila zahanati iwe na wake. Anaweza kupangiwa siku moja ya wiki kwa kila zahanati, kama zilivyo siku za kliniki, na kinachowekwa kwenye mpango ni mafuta ya pikipiki na posho. Au sampuli ndiyo isafiri. Katika halmashauri nyingi makohozi ya kupima kifua kikuu tayari husafirishwa kwa pikipiki kwenda maabara kubwa, na safari hiyo hiyo inaweza kubeba choo cha kutafuta mayai ya minyoo na kichocho, ambayo hayaharibiki haraka yakihifadhiwa kwa fomalini. Choo cha kipimo cha H. pylori kisitiwe fomalini. Kiende kwenye kiboksi cha baridi. Cha kutafuta amiba hai hakisafiri, hicho kipimwe hapo hapo au mgonjwa mwenyewe aende.

Hadubini za siku hizi zenye taa ndogo za LED hutumia umeme kidogo, na sola ya zahanati inazimudu. Lakini andikeni kwenye mpango pia taa ya akiba na usafi wa lenzi. Vifaa vingi vilivyofunikwa kwa kitambaa kwenye kona za vituo vyetu havikuharibika sana. Vilikosa balbu.

Na kipimo cha kamera?

Kuna wilaya ambazo wananchi na hata madiwani hupigania "mashine ya kuingiza kamera tumboni", yaani endoskopi. Inaeleweka. Ndicho kipimo kinachoona kidonda kwa macho, na kinachoweza kukata kipande cha nyama cha kuchunguza saratani. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya koo la chakula kwa wingi usio wa kawaida, na wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, hospitali ya wilaya isiyo na kipimo cha choo cha uhakika isianzie huko. Mashine hiyo inahitaji daktari na muuguzi waliofunzwa, oksijeni, dawa ya kumtuliza mgonjwa, na usafishaji mkali kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Kipande cha nyama nacho kinahitaji mtaalamu wa kukisoma, na hao wako zaidi kwenye hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Mbeya, au Muhimbili. Fedha hizo zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye rufaa inayoeleweka: nani anapelekwa, wapi, kwa barua gani, na nauli inatoka wapi kwa asiyeweza.

Wanaopaswa kupelekwa bila kuzungushwa ni hawa: anayetapika damu, anayepata choo cheusi kinachonata kama lami, ambaye chakula kinakwama akimeza, anayepungua uzito bila sababu, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, mwenye uvimbe unaoshikika tumboni, na mtu wa makamo ambaye maumivu yameanza karibuni na hayasikii dawa. Anayetapika damu haendi kesho, anaenda sasa hivi. Kwa mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu, choo kuwa cheusi kwa kawaida ni rangi ya madini ya chuma tu, lakini amwambie muuguzi. Na maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja na jasho, kubanwa kifua na kuishiwa pumzi yanaweza kuwa moyo. Hayo nayo ni ya hospitali mara moja.

Baada ya Julai

Bajeti ikipita, kilichoombwa na kilichopitishwa vinaweza kutofautiana. Mapato na matumizi ya kituo yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ambako kila mtu anaweza kuyasoma. Kama hayapo, mwenyekiti wa kamati ndiye wa kuulizwa kwanza, kisha mtendaji wa kijiji, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri.

Ukiambiwa "vitendanishi vimeisha, MSD hawana", hilo si lazima liwe mwisho wa maelezo. Bohari ya Dawa ikikosa bidhaa, kituo kinapewa taarifa kwamba haipo, na kwa taarifa hiyo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara wa dawa na vifaa aliyeteuliwa kwa mkoa. Utaratibu huo ulianza Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia, na baadaye ukasambazwa mikoa yote. Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kumuuliza mfawidhi, kwa heshima na ikiwezekana mbele ya mjumbe wa kamati: oda ya vioo na vikopo ilitumwa lini, na kama MSD walisema hakuna, kwa mshitiri ilipelekwa lini.